Kuchagua Vitambaa vya Kukamilishia Mfarishi wa Zamani: Somo la Kazi za Mikono kwa Darasa la Sita

Mwalimu mwanafunzi anapopangiwa kipindi cha kazi za mikono, aghalabu hukimbilia kazi mpya: kitambaa kipya, uzi mpya, na mfano mpya uliochorwa ubaoni. Ni nadra kumwona anayeanza na kazi iliyoachwa nusu. Hata hivyo, katika nyumba nyingi na katika stoo za shule zetu zimo kazi za namna hiyo: mto uliodariziwa upande mmoja, fulana isiyo na mkono, au tandiko la viraka lililokunjwa na kusahauliwa. Katika makala hii twapenda kueleza jinsi somo la kuchagua vitambaa vya kukamilishia mfarishi wa zamani linavyoweza kufundishwa, na pia kosa tulilolifanya sisi wenyewe kabla ya kulielewa vema somo hilo.

Kwa neno mfarishi tunakusudia tandiko lenye matabaka: uso ulioungwa kwa viraka, ujazo wa pamba au wa nguo kuukuu katikati, na bitana chini, vyote vikashikwa pamoja kwa mishono inayopenya. Kazi hii hujulikana pande nyingi za dunia. Wasidi wa jimbo la Karnataka nchini India, ambao ni wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, huunga matandiko yaitwayo kawandi kwa kuanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati. Huko Gee's Bend, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, wanawake weusi walishona mifarishi kwa nguo za shamba zilizochakaa, na mwaka 2006 posta ya nchi hiyo ilitoa stempu zenye picha za mifarishi hiyo. Twayataja haya ili mwalimu asidhani kwamba kuunga viraka ni kazi ya kujifichia umaskini, jambo ambalo baadhi ya wanafunzi husikia nyumbani na kuja nalo darasani.

Tuje kwenye somo lenyewe. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwalimu mwanafunzi mmoja tuliyekuwa tukimsimamia aliwaagiza wanafunzi 48 wa darasa la sita walete vipande vya nguo. Msichana mmoja alileta furushi. Ndani yake mlikuwa na uso wa mfarishi ulioanzwa na bibi yake, ambaye alikuwa amekwisha kufariki. Viraka vilikuwa 12 kwa upana, na safu zilizokamilika zilikuwa 9. Safu nyingine 6 zilikuwa zimechorwa kwa penseli tu juu ya karatasi iliyokunjwa pamoja na nguo. Mwalimu alifurahi sana, na kwa fedha zake mwenyewe akanunua kitambaa chekundu cha pamba kinachong'aa. Katika andalio la somo aliandika kwamba wanafunzi "watakamilisha mfarishi kwa kitambaa kizuri", nasi tukalitia sahihi andalio hilo bila kuuliza kizuri kwa kulinganishwa na nini.

Kiraka cha kwanza kiliungwa, kisha mwalimu akalowanisha kidogo mshono ili aupige pasi ulale. Rangi nyekundu ilichuja papo hapo na kuingia katika viraka viwili vya bafta nyeupe vilivyokuwa jirani. Tulisuuza kwa maji baridi mara nyingi, lakini wekundu hafifu ulibaki. Msichana yule hakulia. Alikunja nguo yake taratibu, akaitia mfukoni, na kwa siku mbili hakunyoosha mkono katika somo lolote. Mama yake alipofika shuleni hakugomba pia. Aliuliza tu kama tulifahamu kwamba ile ilikuwa kazi ya marehemu, na kama kulikuwa na mtu aliyemwomba ruhusa. Hatukuwa na jibu. Tulimwomba radhi, na baada ya mazungumzo marefu alikubali kazi iendelee kwa masharti mawili: kisikatwe chochote katika kazi ya zamani, na kisiungwe chochote ambacho binti yake hajakikubali.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo mwalimu hana budi kulifanya halimo katika orodha ya zana. Kitu kilichotoka nyumbani kwa mtoto kina mwenyewe, na mwenyewe huombwa kabla ya sindano kutungwa uzi.

Baada ya hapo huja hatua ambayo walimu wengi huiruka, nayo ni kuisoma kazi ya zamani. Katika kipindi cha pili hatukuruhusu mkasi wala sindano. Uso wa mfarishi ulitandikwa juu ya mkeka safi, wanafunzi wakaketi pande nne kwa makundi, na kila kundi likapewa swali moja la kujibu kwa kutazama na kwa kugusa kwa mikono iliyooshwa. Ni vitambaa vya aina gani? Vipimo ni vipi? Mishono ni ya mkono au ya cherehani? Rangi nzito zimewekwa wapi? Majibu yalitushangaza. Kundi la vipimo liligundua kwamba kila kiraka kina sentimita 12 kwa 12, na kwa nyuma kimeachiwa sentimita moja kila upande. Kundi la vitambaa lilitambua bafta, vipande vya kanga, kitenge, na kaniki. Hapa mwalimu aweza kupanua maarifa kwa maneno machache: kwamba kaniki ni nguo ya pamba ya rangi nyeusi au buluu iliyoiva, na kwamba nguo iitwayo marekani ilipata jina lake kwa sababu katika karne ya 19 ilikuja Unguja kwa majahazi ya wafanyabiashara wa Kimarekani, hasa wa kutoka Salem.

Kundi la rangi ndilo lililofungua mlango. Waliona kwamba katika kila safu kila kiraka cha tatu ni cheusi, na kwamba weusi huo husogea nafasi moja kila safu, hata ukafanya mistari ya mshazari kama ngazi. Walipofika safu ya saba walisema bibi amekosea, maana weusi umekwisha na badala yake imewekwa buluu nzito ya sketi ya shule. Msichana mwenye mfarishi, ambaye tangu mwanzo wa kipindi hakuwa amesema neno, akajibu: "Hakukosea, alikosa." Yaani kaniki ilimwishia. Tulimwomba mwalimu asiongeze lolote juu ya jibu hilo kwa muda, bali awaambie wanafunzi wasogee hatua kumi nyuma na kufumba macho nusu. Wote waliona kwamba kwa mbali ngazi haikukatika. Buluu ile si rangi moja na nyeusi, lakini uzito wake wakaribiana nao.

Hilo ndilo kiini cha somo, na yafaa lifundishwe kwa vitendo kabla ya kupewa jina. Anayetaka kukamilisha kazi ya zamani hujisumbua bure akitafuta kitambaa kile kile. Maua yale hayachapwi tena, na hata yangechapwa, kitambaa kipya kisingekuwa na mpauko wa miaka mingi. Analoweza kulitafuta ni uzito wa rangi, yaani kukolea kwake au kufifia kwake, kisha ukubwa wa maua, na mwisho rangi yenyewe. Mpangilio huo wa mambo matatu ni kinyume cha jinsi watoto wanavyochagua, kwa sababu mtoto huvutwa kwanza na rangi. Zana rahisi ya kufundishia ni ubao wa flana: bandika vipande vitatu vya zamani, kisha waite wanafunzi wabandike kando yake vipande vipya, na darasa lote litazame kwa macho yaliyofumbwa nusu. Kipande kinachoruka mbele ya vingine kiondolewe, hata kama kinapendeza namna gani peke yake. Kitambaa chetu chekundu, kilipowekwa kwenye ubao huo, kiliruka kabla ya mwalimu kuondoa mkono wake.

Ukali wa kitambaa kipya waweza kupunguzwa kwa njia ambayo washonaji wengi huijua: kukigeuza. Kitambaa kilichochapwa upande mmoja huwa hafifu zaidi kwa nyuma, nao upande huo hukubaliana vizuri na nguo iliyopauka. Njia hii haifai kwa kitenge cha nta halisi, ambacho pande zake zote mbili ni sawa. Aidha, kitambaa kipya kisirundikwe katika safu mpya peke yake bila mwenzake kutoka juu. Katika darasa letu wanafunzi walipekua magunia yao na kuchagua maua madogo yenye rangi ya kahawia na kijani kibichi kilichofifia, kwa sababu kahawia hiyo ilikuwapo tayari katika kanga ya safu ya pili na ya tano. Vipande vya kanga vilivyokuwa na herufi za jina la kanga vilileta mjadala mkali. Wengine walitaka visomeke, wengine walisema bibi mwenyewe alikata maneno katikati. Tuliacha watoto waamue, nao wakaamua kukata kama alivyokata yeye. Sisi tungechagua vingine, lakini mfarishi haukuwa wetu.

Kisha vitambaa vilivyochaguliwa kwa macho hupimwa kwa majaribio. Jaribio la kuchuja ni fupi: lowanisha kipande kipya, kiweke juu ya kitambaa cheupe, kibane kwa pasi ya moto, kisha utazame kama weupe umepata doa. Kinachochuja kifuliwe peke yake mara kadhaa na kujaribiwa tena, na kikiendelea kikataliwe. Imani ya kwamba chumvi huifunga rangi ya kitambaa cha dukani haina msingi, nasi tuliipoteza nusu pakiti ya chumvi kuithibitisha. Jaribio la kunywea, au kurudi kama washonaji wasemavyo, hufungamana vizuri na somo la hisabati: kata mraba wa sentimita 25, ufue, ukaushe, upime. Kitambaa chetu cha rangi nzito kilitoka kikiwa na sentimita 24, yaani kilipungua kwa asilimia 4. Kikiungwa bila kufuliwa, kingejikunja baadaye na kuvuta viraka vya zamani ambavyo vimekwisha kunywea miaka mingi iliyopita.

Jaribio la tatu ni la moto, nalo hufanywa na mwalimu peke yake, uani, juu ya sahani ya bati yenye maji kando. Uzi wa pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa poliesta huyeyuka na kuacha shanga ngumu. Mfarishi wa pamba wafaa kukamilishwa kwa pamba, kwa kuwa vitambaa viwili visivyonywea sawa wala kuvumilia pasi sawa havikai vizuri katika mshono mmoja. Vilevile nguo ya zamani ishikwe mbele ya dirisha: mwanga ukipenya kwa wingi, kiraka hicho kimedhoofu, na jirani yake asiwe kitambaa kizito kitakachokichana.

Kuhusu kiasi cha kununua, darasa lilijifunza kwa kukosea. Safu 6 zenye viraka vizito 4 kila moja ni viraka 24, na kila kimoja hukatwa sentimita 14 pamoja na nafasi ya mshono. Wanafunzi wengi walizidisha 24 kwa 14 wakapata sentimita 336, wakasema tununue zaidi ya mita tatu. Mmoja akauliza kama kitambaa ni utepe. Upana wa kitambaa ulikuwa sentimita 112, na baada ya kunywea hubaki kama 107, hivyo viraka 7 hukaa katika upana mmoja. Mistari 4 yatosha, nayo ni sentimita 56. Ukiongeza kile kitakachopungua, ununue sentimita 60. Hesabu hii ni bora kuliko kumi za kitabuni, na bei ya tofauti ile ilieleweka na kila mtoto.

Kazi ya kuunga ilichukua vipindi vingi na hatutaieleza kwa urefu. Viraka vilipigwa bandi kwanza, msichana akavikubali au kuvirudisha, ndipo vikashonwa. Alirudisha vitano. Kuhusu viraka viwili vya bafta vilivyopata doa, mwalimu alipendekeza vifunikwe kwa vingine juu yake, lakini mama alikataa, akasema viachwe hivyo hivyo. Aliomba pia kwamba mahali ambapo safu ya tisa inakutana na ya kumi pashonwe kwa uzi mweupe unaoonekana, ili mtu ajue mkono wa nani uliishia wapi. Bitana ilikuwa marekani iliyofuliwa mara mbili, na mfarishi ulipokwisha ulifuliwa kwa maji baridi, ukalazwa kivulini juu ya mkeka ule ule hadi ukakauka.