Kuomba Ukweli juu ya Picha ya Mandhari
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula huu chama chetu cha picha kilipata tangazo la mashindano ya picha za mandhari kwa shule za sekondari za mkoa. Sharti moja lilikuwa gumu: kila shule ilete picha moja tu. Basi kila mwenye picha alitaka kujua kama yake yafaa, na papo hapo ikaonekana kwamba si jambo rahisi kulijua. Nia yangu ni kuwaeleza wasomaji jinsi mtu awezavyo kupata maneno ya kweli juu ya picha yake. Kazi hiyo niliifanya kwa majuma matatu, na picha nilizozitumia ni za mlima Kilimanjaro, ambao wengi wenu mnaujua.

Kwanza nieleze picha zenyewe. Jumamosi moja mwalimu wetu alitupeleka alfajiri kwenye mashamba ya mpunga yaliyo kusini ya mji wa Moshi, yale yaliyotengenezwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Tulikwenda mapema kwa sababu Kilimanjaro haungoji mtu. Jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na mara nyingi ikifika saa tatu au saa nne mawingu yamekwisha kuufunika. Mtu aliyesimama kusini ya mlima huiona Kibo, yenye urefu wa mita 5,895, upande wa kushoto, na Mawenzi, mita 5,149, upande wa kulia. Mwanga wa asubuhi hutoka kulia, ukagusa meno ya Mawenzi na theluji kidogo iliyobaki juu ya Kibo. Majaruba yalikuwa yamejaa maji, hayajapandwa, na mlima ulionekana mara mbili, juu na chini.

Nilipiga picha mbili zilizofaa kushindana. Ya kwanza niliipiga kwa lenzi ya milimita 18, nayo ina anga kubwa lenye mawingu mekundu. Ya pili niliipiga kwa milimita 55. Ndani yake mlima ni mkubwa na kivuli chake kimejaa majini. Kwa kulia wako wanawake wawili wadogo kabisa walioinama jarubani, na kwa kushoto iko nguzo ya umeme.

Sasa, jaribu kuionyesha picha yako bwenini. Utasikia, "Nzuri sana, bwana!" Hayo ndiyo maneno niliyopewa na watu tisa. Wenzangu hawakuwa waongo. Sisi tumelelewa kumstahi mtu anapotuonyesha kazi ya mikono yake, na adabu hiyo ni njema. Lakini mwenye picha hapati kitu cha kukishika. Tena swali lenyewe lina kosa. Ukimwuliza rafiki, "Je, ni nzuri?" umemwachia njia mbili tu, akufurahishe au akuudhi, na rafiki gani atachagua kukuudhi?

Kwa hiyo nikabadili maswali. Nilimpa mtu picha bila kumwambia ni ya nani wala tuliamka saa ngapi kuifuata, maana habari ya taabu huwafanya watu wakuonee huruma, na mwamuzi wa mkoani hataisikia taabu hiyo. Kisha niliuliza, "Jicho lako limekwenda wapi kwanza? Halafu wapi? Ni kitu gani ungekiondoa?" Majibu yakaja mara moja, na mengine yalikuwa makali. Katika picha ya kwanza karibu wote walisema macho yao yalikwenda mawinguni yakabaki huko. Mmoja aliuliza kama kile kilima kidogo ni Meru! Nilicheka, lakini jibu lake lilikuwa na maana. Lenzi ya milimita 18 hukusanya eneo kubwa mno, na vitu vya mbali hupungua. Nilichukua rula nikapima: mlima wote ulichukua sehemu moja tu kati ya sita za urefu wa picha. Katika ile ya milimita 55 ulikaribia nusu. Macho yetu tukiwa pale shambani huuona mlima mkubwa kwa sababu mawazo yetu yako kwake, lakini kamera haina mawazo.

Nilijifunza pia kuigeuza picha juu chini. Jambo hili laonekana kama mchezo wa watoto, ila lafaa sana. Picha ikipinduliwa, akili huacha kusema "huu ni mlima" na huanza kuona weusi na weupe tu, na upande uliolemea huonekana. Ile nguzo ilionekana hivyo, kama msumari.

Mwalimu mmoja wa hesabu alileta shauri la kanuni ya theluthi. Kanuni hiyo yasema picha igawanywe mara tatu, na mstari wa upeo wa macho uwekwe juu au chini ya katikati. Ni ya zamani: Mwingereza John Thomas Smith aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1797. Mwalimu alisema picha yangu ya pili imekatwa katikati kabisa, nusu mlima nusu maji. Nilimshukuru, na maneno yake niliyapima siku nyingi. Mwisho sikuyafuata, kwa sababu mlima na kivuli chake ni kama mizani, na ukisogeza mstari utakata ncha ya kimoja. Nataja hili ili ijulikane kwamba kusikiliza ushauri si kuufuata wote. Anayesikiliza lazima aweze kueleza kwa nini amekataa, na kama hana sababu ila hasira, basi afadhali akubali.

Maneno yaliyonifaa kuliko yote hayakutoka kwa mpiga picha. Mpishi wetu mmoja ni mama ambaye nduguze wanalima kule kule. Nilimwamkia, nikampa picha ya kwanza. Aliitazama kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, watu wako wapi? Saa hizi watu wamekwisha ingia majini. Shamba lenye maji lisilo na mtu, hilo limeachwa." Nikampa ya pili. Akawaona wale wawili walioinama hata kabla ya kuuona mlima. Akasema, "Hawa wanatengeneza tuta lililovunjika." Wenzangu watatu walikuwa wamenishauri niwakate wale wanawake kwa kuwa wanachafua picha! Tangu hapo sikusikia tena shauri hilo. Yeyote anayepiga picha ya mandhari na aitafutie mtu anayefanya kazi katika mandhari hiyo, kwani yeye atajua kama picha yasema kweli.

Ikabaki nguzo. Kijana mmoja hodari wa kompyuta alijitolea kuifuta kwa dakika tano, na alinionyesha jinsi itakavyokuwa. Kwa kweli picha ilipendeza. Lakini kanuni za mashindano zilisema kwamba mwanga na rangi vyaweza kurekebishwa, wala kitu kisiongezwe wala kuondolewa. Mwaka 2012 huko Uingereza mshindi wa mashindano ya Landscape Photographer of the Year alivuliwa ushindi wake baada ya waandaaji kuona kwamba picha ilibadilishwa kupita kanuni. Kurekebisha mwanga ni jambo jingine. Mmarekani Ansel Adams alipiga picha ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez tarehe 1 Novemba 1941, na kwa miaka mingi aliendelea kuisafisha upya, anga likizidi kuwa jeusi. Lakini makaburi na nyumba za kijiji kile zilibaki mahali pake. Nami nilipunguza mwanga kidogo upande wa kushoto, ili nguzo isiwe ya kwanza kuonekana, nikaiacha isimame. Wale wanaoishi huko waliingoja miaka mingi, sijui kwa nini nione haya kwa ajili yake.

Siku ya kuchagua, picha kumi na moja zilitundikwa maktabani bila majina. Kila mwanachama alipewa kura moja, na hakuna aliyeruhusiwa kujipigia mwenyewe. Iliyoshinda ni ya mwanafunzi wa Kidato cha Pili, picha ya mfereji wa asili ukipita katika migomba wakati wa ukungu. Mlima hauonekani hata kidogo. Macho huingia pamoja na maji chini kushoto, hupinda nyuma ya jiwe, na hutoka juu penye mwanga, wala hayataki kurudi. Kura yangu niliipa hiyo, kwa kuwa miongoni mwa zile kumi nyingine hapakuwa na ya kuishinda. Nilipoijaribu juu chini ilisimama vile vile.

Yangu ilikuwa ya pili, ikapungukiwa kura mbili. Imetundikwa katika ukumbi wa kulia chakula, pamoja na nguzo yake.