Mirathi ya Muislamu wa Kitandililo

Tunaambiwa dola ikikaa kando na dini, kila mtu yuko huru. Nami nauliza, imekaa kando wapi?

Chukua mfano wa Kitandililo, kule Makambako mkoani Njombe, ambako Waislamu ni wachache. Amefariki Muislamu, ameacha mjane, watoto na shamba. Qur'an (An-Nisaa: 12) imempa mjane huyo thumuni, baada ya wasia na deni. Lakini kaka wa marehemu wakidai kuwa ndugu yao aliishi kimila, Mahakama ya Mwanzo itapima mwenendo wa maisha yake na nia yake, kisha ichague sheria. Kwa kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963, mjane huyo hana fungu. Atatunzwa na wanawe.

Kumbe Serikali "isiyo na dini" ndiyo inayoamua nani alikuwa Muislamu wa kutosha! Na hakimu halazimiki kuwa amesoma faraidh. Makadhi wa Bara waliondolewa na sheria ya mahakama ya mwaka huo huo wa 1963. Zanzibar na Kenya wanao hadi leo, na sijasikia kuwa Kenya imesilimu.

Nasi tuna lawama yetu: wangapi tumeandika wasia?

Mtu wa Kariakoo atapata mashahidi msikiti mzima. Mjane wa Kitandililo ataulizwa: nani alimuona mumeo akiswali? Majirani zake wengi Jumapili huenda kanisani.