Programu ya Pesa Imekataa Kusakinishwa? Soma Hii Kabla ya Kufuta Chochote

Bonasi ya chai mara nyingi huingia karibu na Oktoba, na hapo ndipo simu nyingi kutoka Litein hadi Mogogosiek hukumbukwa baada ya kukaa miezi bila kusasishwa. Unafungua programu yetu, inakuambia isasishwe kwanza. Unajaribu kuisasisha, inakataa. Kabla hujamwachia fundi wa sokoni simu yako, tuelewane jambo moja: pesa zako haziko ndani ya programu. Ziko kwenye akaunti iliyofungwa na laini yako. Programu ni dirisha tu. Hata ukiifuta, salio halisogei.

Sasa mbona inakataa? Android imejengwa juu ya Linux, na kama mifumo mingine ya jamii ya Unix, kila programu huja kama kifurushi chenye jina lake, na aghalabu hutegemea vifurushi vingine. Kiwandani majani hayakatwi kabla ya kunyaushwa; kazi ya nyuma isipokwisha, ya mbele inangoja. Simu nayo ni hivyo hivyo.

Kifurushi kinachosahaulika zaidi ni Android System WebView, kinachoonyesha kurasa za intaneti ndani ya programu nyingine. Machi 2021 toleo lake moja lenye hitilafu lilifanya programu nyingi duniani, Gmail ikiwemo, zijifunge zenyewe. Kufuta Gmail na kuirudisha hakungesaidia, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwake. Dawa ilikuwa kusasisha WebView pamoja na Chrome. Kwa hivyo programu yetu ikifunguka na kujifunga, punguza kwanza zile video za WhatsApp ili upate nafasi, kisha ingia Play Store usasishe WebView, halafu Chrome, na yetu iwe ya mwisho.

Ujumbe wa kuogopa ni ule unaosema kifurushi kinakinzana na kingine kilichopo. Huo hautokani na nafasi wala bandali kuisha. Kila programu ya Android hutiwa sahihi ya aliyeitengeneza. Kifurushi kipya kikija na jina lile lile lakini sahihi tofauti, simu hukikataa. Ila simu haijui nani mkweli kati ya hao wawili. Inajua tu kwamba hawafanani, na aliyetangulia ndiye anabaki. Ikiwa mtu alikutumia faili kwenye kikundi cha WhatsApp, nayo inakataliwa na programu uliyoitoa Play Store, basi simu imekulinda: futa faili hiyo. Usiondoe programu ya kweli ili kuipisha, hata aliyekutumia akisema ndiyo njia ya kupata bonasi haraka. Sisi hatutumi programu kwa WhatsApp.

Kinyume chake pia hutokea. Labda uliuziwa simu ikiwa tayari na programu isiyojulikana ilikotoka, na sasa ile ya Play Store ndiyo inakataliwa. Hapo ondoa iliyomo, sakinisha kutoka Play Store laini yako ikiwa ndani ya simu hiyo, na kama ulishaweka PIN kwenye ile ya zamani, ibadilishe mara moja kwa menyu ya laini, kisha utupigie. Na jihadhari: programu bandia yenye jina tofauti la kifurushi haitagombana na yeyote. Itaingia kimya kimya na kukaa kando ya yetu, ikiwa na alama na rangi zile zile. Simu kutolalamika si dhamana.

Kuna na simu ambazo Play Store inasema wazi kuwa programu haioani nazo. Hapo mara nyingi Android yenyewe imezeeka, na kama mtengenezaji haleti toleo jipya, kusasisha vingine hakutasaidia. Usiombe toleo la zamani kwa rafiki. Tumia menyu ya laini, ile ya nyota na reli: haitaki intaneti, haitegemei kifurushi chochote, na inafanya kazi hata kwa kabambe. Bonasi utaitoa kwa wakala leo leo, mambo ya simu mpya yangoje.