Jinsi ya Kuandika Safari ya Ngome ya Yesu

Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kufikia 1872 meli za barua za kampuni ya British India zilikuwa zikisafiri kati ya Aden na Zanzibar. Meli zilileta abiria, na abiria walileta kalamu. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alishuka Kilindini, bandari ya Mombasa, kutoka meli ya Admiral tarehe 21 Aprili 1909. Kesho yake akapanda gari moshi kwenda bara. Katika kitabu chake cha 1910, African Game Trails, Mombasa ni mlango tu wa kupitia. Mtindo huo wa haraka tumeurithi. Ukitaka kuuacha unapoandika kuhusu Ngome ya Yesu, iliyoko Mombasa, fanya hivi.

Soma pande mbili. Ukimaliza kitabu cha mgeni, tafuta Safari za Wasuaheli, kilichohaririwa na Carl Velten mwaka 1901. Humo Salim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Utaona Mswahili naye akitazama nchi za watu, akieleza kwa lugha yake.

Fika kwa miguu. Anzia Bandari ya Kale, ukate vichochoro vya Mji wa Kale hadi langoni mwa ngome. Ukishushwa na gari mlangoni, utaandika kuta peke yake.

Chagua kitu kimoja. Michoro ya ukutani ya Wareno inatosha: meli na watu, kwa rangi nyeusi ya mkaa na udongo mwekundu. Kaa mbele yake nusu saa. Fuata mstari mmoja wa mlingoti kwa jicho, uandike unachokiona, ndipo usome maelezo ya makumbusho.

Taja enzi zote. Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593 kwa ramani ya Cairati, msanifu Mwitaliano. Waomani wakaitwaa 1698 baada ya mzingiro wa karibu miaka mitatu. Na kuanzia 1895 hadi 1958 ilikuwa jela. Abiria waliposifu uzuri wake kutoka baharini, ndani mlikuwa na wafungwa. Sifa isiyowataja hao ina pengo.

Salimia kwanza, daftari baadaye. Keti kwa muuza kahawa, mwamkie, "Shikamoo, mzee," unywe, uulize. Ukishaandika, rudi umsomee aya inayomhusu. Akikurekebisha, rekebisha. Abiria wa meli hawakuwa na nafasi ya kurudi; wewe unayo, itumie.