Mparachichi hunywaje, hukuaje na huzaaje: somo kwa wakulima wa Mwanda

Kamba ya mbuzi inaweza kuua mparachichi, na mwenye shamba asijue mpaka miezi kadhaa ipite. Kamba ikizunguka shina na kukwangua gome pande zote, majani hubaki ya kijani, pengine hata maua hutoka. Kisha mti huanza kukauka wakati habari za mbuzi zimeshasahauliwa, na lawama zote huangukia udongo au ugonjwa.

Sababu iko ndani ya shina, ambamo mna njia mbili tofauti. Ya kwanza iko kwenye mbao. Ni mirija myembamba sana iitwayo zailemu, nayo hupandisha maji na madini kutoka mizizini. Hakuna pampu mle ndani. Jua na upepo hukausha maji kupitia vitundu vidogo vya majani viitwavyo stomata, na maji yanayotoka huvuta yaliyo nyuma yake, mfululizo mmoja usiokatika kutoka jani hadi mzizi. Ndiyo maana mche uleule ukipandwa Voi, penye joto na upepo mkavu, huhitaji kumwagiliwa zaidi kuliko ukipandwa Mwanda, ambako miezi ya baridi huja na ukungu.

Njia ya pili huitwa floemu, nayo imo kwenye gome, upande wa ndani. Majani hutumia mwanga wa jua, maji na hewa kutengeneza sukari, na floemu huipeleka sukari hiyo mizizini, kwenye machipukizi na kwenye matunda. Kamba inapokata gome kulizunguka shina, zailemu haiguswi, hivyo maji huendelea kupanda na majani huonekana mazima. Kinachokatwa ni chakula cha mizizi. Mizizi huishi kwa akiba yake. Akiba ikiisha hufa njaa, na hapo ndipo maji nayo hukoma. Kunyunyizia majani dawa wakati huo ni kupoteza pesa. Hali ni hiyo hiyo kwa miti inayobanduliwa gome kwa ajili ya dawa za kienyeji: ukanda mwembamba upande mmoja mti huweza kuuvumilia, mzunguko mzima hauwezi.

Mizizi inayonywa yenyewe haiko mbali. Mizizi midogo ya mparachichi hukaa karibu na uso wa udongo, kwa hiyo jembe likilimwa kwa kina chini ya mti huikata. Ni afadhali kung'oa magugu kwa mkono na kutandaza majani makavu, bila kuyarundika hadi kwenye shina. Mizizi hiyo huhitaji hewa pia. Maji yakituama huoza, na kwenye mashamba ya matuta ya Mwanda ni vyema kukagua sehemu ambapo maji ya mvua hukusanyika kabla ya kuchimba shimo la kupandia.

Kati ya gome na mbao kuna tabaka jembamba la utelezi, kambiamu. Hilo ndilo hunenepesha shina: upande wa ndani hutengeneza zailemu mpya, upande wa nje floemu mpya. Urefu ni kazi ya ncha za matawi. Msumari uliopigiliwa kwenye shina mita moja kutoka ardhini utabaki mita moja hata mti ukifika paa, ila shina litanenepa na kuumeza. Waya au kamba iliyofungwa na kusahaulika nayo huzama kwenye gome vivyo hivyo, ikainyonga floemu polepole.

Kambiamu pia ndiyo siri ya kubebesha miche. Kikonyo cha mti mzuri hukatwa na kuunganishwa na mche uliooteshwa kwa mbegu, kambiamu ikigusana na kambiamu, kisha hufungwa kwa utepe wa plastiki. Zikikosana, hakuna kitakachoungana. Utepe huo lazima uondolewe baada ya kiungo kushika, kwa sababu ile ile ya waya. Na chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo likatwe, kwani hilo ni la mche wa chini na litazaa matunda yake, si yale aliyoyalipia mkulima.

Mbegu haitegemeki kwa sababu hubeba urithi wa wazazi wawili. Kokwa la Hass likioteshwa halitoi Hass. Miti yote ya Hass duniani imetokana kwa vikonyo na mti mmoja wa Rudolph Hass huko California, uliopewa hataza mwaka 1935.

Ua la mparachichi lina sehemu za kike na za kiume, lakini hazifanyi kazi pamoja. La Hass hufunguka asubuhi likiwa la kike, hujifunga, kisha hufunguka alasiri ya siku ya pili likiwa la kiume na kutoa chavua. La Fuerte huwa la kike alasiri na la kiume asubuhi inayofuata. Kwa hiyo Fuerte hutoa chavua saa ambazo Hass huihitaji, na mti mmoja wa Fuerte kati ya Hass kadhaa huongeza mavuno. Baridi ya milimani huchelewesha saa hizo na kuzivuruga.

Chavua hiyo ni nzito na hunata. Upepo hauifikishi mbali. Anayeibeba ni nyuki na wadudu wengine. Mkulima anayepulizia dawa ya wadudu wakati mti umechanua anawaua wafanyakazi wake mwenyewe. Mradi wa CHIESA, ulioratibiwa na kituo cha icipe cha Nairobi kuanzia 2011, ulichunguza mabadiliko ya tabianchi na wadudu wa mazao kwenye Milima ya Taita na Kilimanjaro, parachichi likiwemo.

Maua mengi sana huanguka, na hilo si ugonjwa: hata kwenye mti wenye afya hayafiki moja kati ya mia yanayozaa. Yaliyoshika hulishwa sukari na floemu kwa miezi mingi. Parachichi haliivi likiwa mtini. Hukomaa tu, kisha huiva baada ya kuchumwa. Likichumwa changa hunyauka na kuwa kama mpira, na mnunuzi aliyeuziwa hivyo mara moja harudi. Anayetaka kujua dalili za ukomavu, au kujifunza kubebesha kabla ya mvua za Oktoba, amwone afisa wa kilimo wa wadi.