Mama anasema nacheza kamari, kumbe ni gemu tu

Shangazi, nina miaka 24, naishi na wazazi na gogo, yaani nyanya yangu, hapa Langas, Eldoret. Nimeajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi mjini. Sinywi, sivuti. Starehe yangu ni PlayStation niliyonunua kwa pesa zangu. Jioni nacheza kandanda na watu mtandaoni. Mama ameshikilia kwamba nacheza kamari. Wiki jana alileta akina mama wa kanisa wakaniombea, runinga ikiwa imefunikwa kitambaa. Nimemweleza habari za seva, madaraja na pointi, ananitazama tu. Baba hasemi kitu. Gogo peke yake ndiye aliyeniuliza: "Huyo uliyemfunga yuko nyumba gani?" Nifanyeje wanielewe?

Mwanangu, nisamehe, hicho kitambaa kimenichekesha.

Mama yako hajapotea sana. Hapa Kenya neno "gemu" lilichafuka kabla hujazaliwa: sheria ya mwaka wa 1966 iliyosimamia bahati nasibu na kasino ilibeba "gemingi" katika jina lake, na maana yake ilikuwa kamari tupu. Na siku hizi hukosi mtaani kijana aliyemaliza karo akikifukuza kile kindege cha kamari kwenye simu. Wewe ukisema "gemu", mama anasikia karo ikipaa.

Kwa hivyo habari za seva ziache, anza na pesa. Keti naye, mfungulie jumbe za M-Pesa za mwezi mzima: stima, intaneti, unga, sadaka. Aangalie mwenyewe kama kuna dau. Ila kuna jambo barua yako imelikwepa. Je, unanunua zile pakiti za wachezaji, unalipa kwanza ndipo ujue umempata nani? Kama unanunua, mama ana nusu ya hoja. Kule Ubelgiji tume ya kamari iliamua mwaka wa 2018 kwamba pakiti za namna hiyo zinavunja sheria, na Januari 2019 EA, waliokuwa wakitengeneza gemu ya FIFA, wakaacha kuuza huko pointi za kuzinunulia. Achana nazo, kisha uzungumze na mama bila kuangalia chini.

Halafu kuna chakula. Nabahatisha tu, lakini nimelea vijana: mama anaita ugali unapoa, unajibu "naja", na nusu saa baadaye sukuma imeganda mafuta. Hajui kwamba mechi ya mtandaoni haikungoji ule kwanza, na kwamba ukitoka katikati unahesabiwa umeshindwa. Mweleze hilo kwa lugha ya saa. Vipindi viwili vya dakika sita sita, na vituo vyake, ni kama robo saa. "Mama, nipe robo saa." Ikiisha, inuka, hata kama umefungwa tatu bila. Nadhani ugomvi mkubwa wa nyumba yenu uko hapa, wala si kwenye kamari.

Utatamani kumtaja Sylvia Gathoni, yule QueenArrow, Mkenya aliyesajiliwa mwaka wa 2018 na UYU, timu ya ng'ambo, kucheza Tekken huku akisomea sheria. Mtaje, lakini usijivike kanzu yake. Watu wa Eldoret hawadanganyiki kwa hesabu ya wanaofika juu. Alfajiri barabara ya Iten imejaa wakimbiaji, na wengi wao hawatapanda ndege kwenda marathoni ya Berlin. Hakuna anayewakemea mapepo kwa sababu jasho lao linaonekana. Lako halionekani, na tena wewe hutafuti medali. Umebeba mabati na saruji kutwa, unataka kupumzika. Mwambie mama hivyo hivyo. Ukianza kumwahidi mamilioni, utakuwa unaongea kama wale wa kindege.

Baba mwache. Nashuku anatazama kwa pembe ya jicho.

Gogo ndiye wa kuanza naye. Katika nyumba nzima, yeye peke yake ameona kwamba ndani ya ile runinga kuna mtu mwingine. Mjibu. Kama mpinzani yuko Thika au Kampala, mwambie, na umwambie pia alivyokusumbua hadi ukamfunga. Kisha fungua uwanja wa mazoezi, mwekee kontrola mikononi, mwonyeshe kitufe kimoja tu, apige penalti. Akipaisha mpira, mpe mwingine. Mama atatoka jikoni mwenyewe kuja kuona gogo anacheka nini.

Na kile kitambaa kiondoe wewe, ukikunje vizuri, umrudishie mama kwa mikono miwili.