Kurekebisha Kasi ya Mashine ya Kuchonga Mbao

Chama cha maseremala chenye mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta hakina budi kuelewa jinsi kasi ya kisu inavyotawaliwa. Mota hupata umeme kupitia kifaa kinachobadili marudio yake. Mota ya nguzo mbili ikipewa hezi 400 huzunguka karibu mara 24,000 kwa dakika. Ikipewa 200, karibu mara 12,000.

Kompyuta hupeleka amri kwa kifaa hicho kwa volti 0 hadi 10: volti 10 ni kasi kamili, volti 5 ni nusu. Amri ya kuwasha hupita katika waya mwingine. Waya wa kasi uvikwe wavu wa chuma uliounganishwa na ardhi upande mmoja tu, upitishwe mbali na nyaya za mota. Jambo hili mafundi hulidharau, kisha hushangaa kasi ikiyumba.

Kwanza kabisa, fundi asome kibandiko cha mota na kuingiza takwimu zile zile katika kifaa. Mota ya hezi 400 ikipewa volti zake zote kwa hezi 50 huungua, na hasara ni ya wanachama wote. Hata baada ya kuzimwa, kapasita hubaki na umeme wa kuua. Kifuniko kisifunguliwe kabla ya kwisha dakika zilizoandikwa juu yake.